Narudi kujenga ndege za rimoti kwa ramani baada ya miaka mingi, nianzie wapi sahivi?

Fundi_Meru (Arusha)

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo kwa yeyote anayejenga ndege za rimoti za mbao, namaanisha zile unatandika ramani mezani, unakata mbavu za bawa moja moja, unaunganisha kwa gundi na pini mpaka inasimama ndege. Sio zile za boksi unafunga skrubu nne unaenda kurusha. Hizo nazijua na sina ubaya nazo ila sio ninachokitafuta.

Nilijenga na kurusha sana miaka ya 90 nikiwa kijana, alinifundisha mzee mmoja fundi wa ndege za kweli, afu kazi na familia zikachukua nafasi yote. Sasa nimestaafu, watoto wameshaanza maisha yao, kuna chumba kimebaki wazi na nimekifanya karakana. Nimetoa boksi langu la zamani na vilivyomo ni hivi: ramani ya Junior 60 imekunjwa lakini inasomeka vizuri, rimoti ya 35 MHz na kristo zake (vile vidude vya kuchagua chaneli), sevo (vimota vya kusogeza usukani) za zamani kubwa zile, injini ndogo ya dizeli ambayo bado inazunguka kwa mkono, na vipande vya balsa, ile mbao nyepesi sana, visivyotosha hata mkia.

Maswali yangu sasa. Hiyo rimoti bado inafaa au nianze upya? Injini niiache niende kwenye umeme, na kama ni umeme unajuaje mota ya ukubwa gani maana ramani inaonyesha injini tu? Balsa mnapata wapi huku kwetu? Na je kwa mwinuko wa Arusha kuna kitu cha kuangalia? Kuna ramani ya Spitfire pia nimeiona mtandaoni, nzuri kweli, inanivuta sana, sijui nianze na ipi. Nitashukuru hata kwa jibu la jambo moja tu.

---

Mrukaji_Leicester

Karibu sana tena mzee wangu, umenifurahisha maana watu wa kujenga kwa ramani tumebaki wachache na kila anayerudi ni faida kwetu wote.

Nianze na ndege yenyewe. Una Junior 60, sasa Spitfire ya nini kwanza? Junior 60 imechorwa na Albert Hatfull wa KeilKraft, kampuni ya Uingereza ya ndege za kujenga, mwaka 1946, ilikuwa ndege ya kuruka huru bila rimoti kabisa, yaani ilitakiwa ijiweke sawa yenyewe hewani bila mtu kuishika, ndo maana bawa liko juu na ncha zake zimeinuka namna ile. Ukiachia mikono kwenye rimoti inarudi sawa. Spitfire bawa lake linachongoka kwenda nchani, ukipunguza mwendo sana ncha moja inastoli (inaacha kubeba) kabla ya nyingine inageuka mgongo papo hapo, na ndege ndogo ya kivita ikizidi uzito kidogo tu inatua kwa kasi kubwa. Ijenge, ila iwe ya tatu au ya nne. Vidole vinakumbuka kukata balsa haraka sana kuliko vinavyokumbuka kurusha.

Rimoti ya 35 MHz iweke kabatini kama kumbukumbu. Haijaharibika lazima, ila sahivi wote tuko 2.4 GHz, hamna kristo, hamna kuulizana uwanjani nani yuko chaneli gani, risiva (kipokezi cha ndani ya ndege) inafungwa na rimoti yako peke yake basi. Zile mambo za mtu kuwasha rimoti yake pembeni ndege yako ikaanguka zimeisha. FlySky FS-i6 ni ya bei rahisi, ina chaneli 6 na kwa Junior 60 unahitaji 3 tu, usukani wa mkia, eleveta (ya kupandisha na kushusha pua) na mota. Ukitaka ya kukaa nayo miaka tafuta rimoti zinazotumia EdgeTX, programu huria ya rimoti. Na ukinunua yoyote ile, kabla ya kupanda hewani weka feilsefu, yaani mawasiliano yakikatika mota izime yenyewe. Usiruke bila kuijaribu hiyo, zima rimoti ndege ikiwa imefungwa chini (propela umeitoa) uone mota inasimama.

Sevo za zamani zinaweza kufanya kazi ila angalia mpangilio wa waya, baadhi ya Sanwa za zamani waya zake zimepangwa tofauti na ukichomeka tu unaunguza. Na kama kwenye boksi kuna betri za NiCd (zile za zamani za kuchaji) zimekaa miaka yote hiyo zitupe pamoja na swichi na waya zake, ukimenya waya mweusi utakuta shaba imegeuka nyeusi ndani, ule ugonjwa unatembea kutoka kwenye betri mpaka kwenye swichi na mwisho umeme haupiti. Sevo mpya ndogo ni bei ndogo sana kulinganisha na kazi ya kujenga bawa zima.

Kuhusu mota, sahau ukubwa wa injini kwenye ramani, hesabu ni kwa wati. Ndege tulivu kama hii inatosha wati 150 mpaka 200 kwa kila kilo ya ndege ikiwa kamili na betri ndani. Junior 60 nyingi zinakuja kama kilo moja na nusu hivi, so unahitaji kama wati 225 mpaka 300. Betri ya lipo (lithiamu, ndo za sasa) ya seli 3 ni volti 11.1, mota ikivuta ampea 20 hapo una wati 222, inaruka vizuri kabisa. Chukua spidi kontrola (kidude cha kuongoza mwendo wa mota) ya ampea 40 isifanye kazi kwenye kikomo chake, betri ya 2200 mAh inatosha maana ukishapanda unashusha mota, unatembea kwa ampea chache tu, dakika kumi na zaidi zipo. Nunua na mita ya wati, kidude kidogo kinakaa kati ya betri na spidi kontrola, ndo kitakuambia ukweli kuhusu propela uliyofunga.

Injini ya dizeli itunze. Siku moja utajenga nyingine kwa ajili yake, ile harufu ya etha na mafuta ya mbarika haina mbadala.

---

Kijana_wa_Povu (Dodoma)

Shikamoo mzee. Mi nina mawazo tofauti kidogo na Mrukaji hapo juu, namheshimu ila nadhani usianze na balsa moja kwa moja. Nenda stesheneri nunua fomubodi, zile bodi nyeupe za povu zenye karatasi pande mbili wanafunzi wanafanyia maonyesho, Flite Test, wale wa mtandaoni wa ndege za povu, wana ramani za bure kabisa za kuprinti, unakata kwa wembe, unakunja, unabandika kwa gundi ya bunduki, wikendi moja una ndege. Ikianguka unakata kipande kingine unabandika jioni hiyo hiyo. Mota, sevo, spidi kontrola na risiva zikishafanya kazi humo ndani unazihamishia kwenye Junior 60 ikishakamilika.

Sisemi povu ni bora kuliko mbao. Nasema bawa la balsa ulilokaa nalo miezi halafu ukalirusha siku ya kwanza vidole vikiwa bado vizito, inauma sana. Bora vidole vizoee kwenye kitu cha bei ndogo. Angalia tu uzito wa fomubodi, zinazouzwa huku nyingi ni nzito kuliko zile wanazotumia Marekani kwenye zile ramani, karatasi yake ni nene, wengine wanailowesha upande wa ndani wanaibandua ili kupunguza.

Na simyuleta mzee. PicaSim ni ya bure, inaingia hata kwenye simu, wewe rusha humo kila jioni hasa ndege ikiwa inakuja kwako, maana pale kushoto na kulia vinageuka na ndo hapo wote wanaorudi wanapochanganyikiwa.

---

Fundi_Meru (Arusha)

Marahaba kijana, na Mrukaji asante sana, nimesoma mara mbili. Wazo la povu kwanza nimelipenda kwa sababu ya hivyo vifaa kuhama, sio pesa ya kupotea. Ila sitasubiri, nitajenga Junior 60 taratibu huku narusha povu. Bado mbao na ramani. Ramani yangu imeliwa na mikunjo sehemu ya bawa, kuna mistari haionekani.

---

Dada_Leza (Dar)

Shikamoo mzee, hapo kwenye ramani na mbao ndo kwangu kwa sababu kila siku nakata vitu kwa leza.

Ramani usiitumie hiyo ya asili mezani, itunze. Ingia tovuti ya Outerzone, wana maelfu ya ramani za zamani zimeskaniwa, unapakua PDF bure, Junior 60 utaikuta. Chukua kwenye flashi peleka kwa wanaoprinti ramani za nyumba, wale wenye plota, waambie karatasi ya roli, nyeusi na nyeupe na asilimia 100, wasiache mashine ijipangie saizi. Ukiichukua kabla hujalipa toa futi kamba pima bawa kutoka ncha mpaka ncha, inchi 60 ni milimita 1524. Pima na kwa upande mwingine pia kwa sababu skana na plota zinaweza kuvuta karatasi upande mmoja tu, urefu ukawa sawa na upana ukawa umepungua. Tofauti ya milimita mbili tatu kwenye bawa zima haina shida ila mbavu zote zitoke kwenye chapa moja.

Zamani vipimo vilikuwa inchi kwa hiyo ukiona 1/16 ni balsa ya 1.5 mm, 3/32 ni 2.5, 1/8 ni 3, 1/4 ni 6. Hivyo vitofauti vidogo angalia tu kwenye matundu ya mbavu pale mhimili unapopita, kata tundu kwa mhimili ulionao mkononi, usikate kwa kipimo cha karatasi.

Sasa balsa. Nyingi duniani inatoka Ekuador, na kama 2020 hivi ilipanda bei sana na kuadimika kwa sababu viwanda vya mapanga ya mitambo ya upepo viliinunua kwa wingi. Huku dukani sijawahi kuiona imekaa rafu, tunaagiza. Shiti zina urefu wa sentimita 91 na mzigo mrefu unagharimu kutuma na unavunjika njiani, kwa hiyo mi huwa nawaambia watu waagize shiti tu na fito wakate wenyewe nyumbani kwa rula ya chuma na wembe mpya, na shiti za mbavu zinaweza kukatwa katikati kabisa huko huko zikaja fupi maana ubavu haufiki hata sentimita 30. Fito ndefu za bodi na mihimili ya bawa tumia paini yetu. Nenda kwa fundi seremala, chagua mabaki ya paini iliyonyooka nyuzi, haina jicho, mpasulie fito nyembamba. Ni nzito kuliko balsa ila ni ngumu zaidi, kwa hiyo unapunguza unene, pale ramani inaposema mhimili wa balsa ngumu wa 6 kwa 6 paini ya 5 kwa 3 inashika kabisa. Huko Meru kuna paini na msaipresi wa kutosha wa kuchagua.

Kila shiti ya balsa ikifika ipime kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito juu yake kwa penseli. Shiti mbili zinazofanana kabisa kwa macho za 3 mm, moja inaweza kuwa gramu 30 na nyingine 60. Nyepesi ziende mkiani na kwenye ncha za bawa, ngumu ziende kwenye ukingo wa mbele na popote panapobeba. Mkia mzito unakulazimisha kuweka risasi puani, gramu moja ya mkia inaweza kukudai gramu tatu za pua.

Ukitaka mbavu za leza, chora chapa ya ubavu mmoja kwenye Inkscape, ni ya bure, halafu popote wanapokata mabango ya akriliki watakukatia. Mwali unakula kama milimita 0.1 mpaka 0.2, uwaambie. Ila kwa bawa la upana mmoja kama hilo wala huhitaji leza mzee, kata chapa mbili za plaiwudi, panga vipande vya balsa katikati yao, vibane kwa boliti mbili, piga msasa wote kwa pamoja mpaka ufikie plaiwudi. Mbavu zote zinatoka sawasawa. Hiyo kazi ni tamu kuliko leza, nasema mimi ambaye leza ndo inanilisha.

Meza: nunua kipande cha jipsamu bodi hadwea, kilaze juu ya mlango wa flashi usio na mpindo. Pini zinaingia vizuri na kinakaa bapa. Juu ya ramani tandaza nailoni ili gundi isishike karatasi.

---

Abu_Salim_Muscat

Assalam alaykum jamaa. Wenzangu wamemaliza mengi, mimi nitaongea joto na betri kwani huku kwetu ndiyo yanayotusumbua, na naona ndugu yetu anatoka kwenye NiCd anaingia lipo, hayo ni mambo mawili mbali kabisa.

NiCd ulikuwa unaitupa kwenye chaja usiku kucha unalala. Lipo usifanye hivyo abadan. Seli ikijaa ni volti 4.2 isizidi, ikishuka chini ya volti 3 imeshaanza kufa, na wewe tua ikiwa bado ina kama robo. Chaja lazima iwe ya kubalansi seli moja moja. Ichaji mahali unapoiona, juu ya tofali au sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga iwe karibu. Kama hutarusha wiki hii usiiache imejaa, chaja nyingi zina sehemu ya kuhifadhi, inaipeleka kama volti 3.8 kwa seli, hapo inakaa miezi. Iliyovimba usiionee huruma. Na usiiache garini juani hata unapoingia kuswali tu, gari lililofungwa linapika.

Kuna ambao watakuambia tumia seli za laptopu zilizokufa, ni za bure. Zile hazitoi ampea 20, zinapata moto na volti zinaanguka mota ikizidi kidogo tu. Hiyo kazi si yake. Kuagiza lipo kwa ndege pia ni tabu, ni mzigo wa hatari kwa sheria za usafiri wa anga, wauzaji wengi wanakataa au wanatumia njia ya bahari, kwa hiyo tafuta kwanza kwenu, watu wa droni wanazo.

Kuhusu kufunika bawa. Karatasi ya tishu na dopu (ile vanishi ya kuikaza) ni nzuri mno kwenye ndege ya 1946, hakuna kitu kinachopita jua likipenya kwenye mbavu kwa nyuma ya tishu, lakini Arusha una masika, tishu inavuta unyevu inalegea na ikikauka inavuta mbavu, bawa jepesi linaweza kupinda. Ukitaka amani tumia filamu ya pasi kama Oracover. Ya bei nafuu ni filamu ya lamineshini ya stesheneri ile nyembamba kabisa, upande wenye gundi ndani, pasi ya nguo isiwe kali sana, funga soksi ya pamba kwenye pasi isikwaruze. Rangi unapiga nyepesi baadaye. Epuka rangi nyeusi juu ya bawa, inakusanya joto filamu inalegea. Supaglu ihifadhi kwenye friji imefungwa kabisa, itoe ipate joto la chumba kabla hujaifungua.

---

Nakuru_Glaida

Mzee mimi niko Nakuru, karibu mita 1850, nimerusha huku na nimerusha Mombasa pia, tofauti utaiona kwa macho. Arusha mko kama mita 1400, hewa ni nyepesi kama asilimia 13 kuliko pwani. Maana yake ndege ile ile inahitaji mwendo zaidi ya pwani kama asilimia 7 ili isistoli, na mchana wa joto hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwa Junior 60 haisumbui, ina bawa kubwa, ila ndo sababu nyingine ya kuijenga nyepesi. Propela nayo inakuwa laini kuizungusha, mota inavuta ampea kidogo kuliko ile hesabu ya vitabu, kwa hiyo unaweza kupanda inchi moja ya propela. Pima na ile mita hapo hapo Arusha, usiamini kipimo cha mtu wa usawa wa bahari. Injini yako ya dizeli pia itatoa nguvu kidogo, hilo nalo lijue.

Ruka asubuhi jua likitoka tu, hewa imetulia. Kuanzia kama saa nne ardhi ikishapata joto hewa inaanza kupanda na kushuka, ni raha kama unajua unachofanya, ukiona mwewe anazunguka bila kupiga bawa pale ndo kuna hewa inayopanda, ingia chini yake uzime mota. Lakini sio siku ya kwanza, na mwewe wengine huja kuigonga ndege, ukiona anakunja mabawa anashuka wewe geuza utoke.

Uwanja sasa, hapa niko serious. Kaa mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Kisongo, na Monduli kuna chuo cha jeshi, usiende kufungua boksi la ndege ya rimoti sehemu kama hizo. Hifadhini pia hapana. Nenda TCAA, mamlaka yenu ya usafiri wa anga, uwaulize kwa maandishi kabla hujanunua chochote, uwaelezee uzito, mbawa, haina kamera, unarushia wapi. Usijiambie kwamba yako sio droni ni ya mbao, anayekuona kwa mbali anaona kitu kinaruka bila rubani. Sisi huku Kenya tuna kanuni za KCAA, mamlaka yetu ya anga, za 2020, hata kuingiza nchini unaomba kibali, na aliyeenda kuuliza mapema hasumbuki kama aliyeshikwa forodhani. Halafu ongea na mwenye shamba na mwenyekiti wa mtaa. Shamba la mahindi lililovunwa ni zuri, ndege ikianguka inaangukia mabua.

---

Mrukaji_Leicester

Nakuru_Glaida amesema kweli kabisa hapo. Hata huku Uingereza tunafanya mtihani mdogo mtandaoni, tunabandika namba kwenye ndege na mwisho wetu wa kupanda juu kwa kawaida ni futi 400, mita 120. Wengi tunajiunga na BMFA, chama cha warusha ndege ndogo huku, kwa sababu ya bima. Ukiwa na mtu mwingine hata mmoja hapo Arusha mwambie asimame pembeni yako aangalie anga na watu, wewe macho kwenye ndege.

---

Fundi_Meru (Arusha)

Jamani Mungu awabariki. Nimeshaprinti ramani, mwenye plota wa hapa alinitolea vizuri na bawa limepimika sawa. Barua ya TCAA nimeandika. Jipsamu iko mezani. Dada_Leza binti yangu nimefuata ile ya chapa mbili za plaiwudi, mbavu zimetoka kama mapacha, na paini nimepata kwa seremala jirani, hakutaka hata kulipwa alitaka aone ndege.

Swali la mwisho kwa sasa kabla sijagundisha bawa. Nahofia kupinda. Na mahali pa kubalansi, kila ninaposoma wanasema robo mpaka theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, ila alama kwenye ramani naiona iko nyuma zaidi ya hapo. Niamini nini?

---

Mrukaji_Leicester

Swali zuri hilo mzee.

Ramani nyingi za ndege huru za zamani, mkia wake wa ulalo ni mkubwa na umechongwa kama bawa, unabeba uzito, ndo maana alama ya mizani iko nyuma. Ile ya robo mpaka theluthi ni ya ndege ambazo mkia haubebi. Ukiibalansi Junior 60 kwenye robo utajaza risasi puani bure na itakuwa inapiga mbizi ukizima mota. Fuata ramani, ila kwa sababu unarusha kwa rimoti isogeze mbele kidogo tu ya alama, nusu sentimita hadi moja, inakuwa tulivu zaidi kwenye eleveta. Betri ndo risasi yako, kwa hiyo usifunge trei yake mpaka ndege imefunikwa na mkia umefungwa, iache iteleze mbele na nyuma ndani ya pua, ukishapata mizani ndo unaifunga kwa velkro na mkanda. Tengeneza mlango wa betri juu au chini ya pua usije ukawa unatoa bawa kila ukichaji. Toboa tundu la hewa kuingia mbele karibu na mota na la kutoka nyuma liwe kubwa kuliko la kuingia, la sivyo spidi kontrola inapikwa.

Bawa: gundisha ukingo wa mbele, mhimili na ukingo wa nyuma vyote vikiwa vimebanwa bapa kwenye jipsamu, na usilitoe mapema. Tumia gundi nyeupe ya mbao badala ya supaglu kwenye mbavu, inakupa muda wa kusogeza na msasa unapita vizuri, acha usiku mzima, mbili kama mvua inanyesha. Likitoka lishike usawa wa macho ulitazame kutoka nyuma. Ncha zote mbili ukingo wa nyuma ukiwa umeinuka kidogo na kwa kiasi kimoja, hiyo ni nzuri, inazuia ncha kustoli. Ncha moja ikiwa tofauti na nyingine ndo shida. Usihangaike kukata tena, subiri mpaka limefunikwa, mtu wa pili alikunje upande unaotaka na wewe pitisha pasi juu na chini filamu ikaze hapo hapo, mshikilie mpaka lipoe. Linabaki hivyo.

Mota iangalie chini digrii kama 3 na kulia 2, weka washa (vile vipete vya chuma vya boliti) nyuma ya mabano yake. Ndege hizi ukiongeza nguvu zinataka kupanda tu pua juu, hiyo inatuliza.

Siku ya kwanza usiwashe mota kabisa. Tafuta nyasi ndefu, upepo mdogo usoni, kimbia hatua chache uisukume sawa kama mshale, pua chini kidogo. Ikienda ndefu na kutua yenyewe bila kuinama wala kuinua pua, uko tayari. Ikiinua pua halafu ikaanguka sogeza betri mbele kidogo, ikipiga mbizi irudishe nyuma. Rudia mpaka uridhike ndo ufunge propela. Na tuwekee picha ya mbavu kabla hujafunika tafadhali, wote humu tunataka kuziona.